Tulipiga Kula, Shule Ikashindwa

Kwako Afande Okidi,
Mwenyekiti wa RC, baraza la wananchi la mtaa wetu,
Bwaise.

Pokea salamu za heshima kutoka kwangu mimi, Sylvanus Ogutu, muuza vipuri vya baiskeli, Mkenya wa Ugunja, mtu aliyekanyaga Juba, Goma na Bujumbura na kurudi na viatu vyake mwenyewe. Natumaini u mzima. Mimi si mzima. Nina njaa tangu Jumapili, na ndiyo sababu ya kukuandikia. Naomba barua hii isomwe mbele ya wakazi wote.

Jumapili hiyo katibu wako Jafar alipita na kipaza sauti kutangaza mkutano wa kuamua kama mtaa utachanga kuezeka darasa la saba, ambalo halijaona bati tangu vita. Kwa Kiganda alitangaza vizuri, wenyewe wakaelewa. Kisha akatugeukia sisi wa Kiswahili. Bwana Jafar ni mtu mwema, ila "r" haijawahi kulala mdomoni mwake hata usiku mmoja. Kura ikawa kula. "Leo jioni kuna kula ya shule! Kila mtu kula moja! Hakuna kula ya siri, ni kula ya kupanga laini! Watoto hawana kula!"

Afande, wewe ungefanyaje? Tulikuja na sahani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulisema wanaokubali kuchanga wapange laini nyuma ya Mwalimu Saverio, na wanaokataa wapange nyuma ya Rukiah. Sasa huyu Rukiah anakaanga mihogo, na alikuja na karai lake moja kwa moja kutoka kazini. Mwalimu alikuja na chaki. Mtu mwenye sahani mkononi atasimama wapi? Laini ya Rukiah ilifika mpaka mtaroni: Wakenya, Wazaire, familia za askari. Mama Alum, mke wa polisi, alibeba sahani tatu na bado anafoka, "We, usinipite, mimi nina wageni nyumbani!" Ukahesabu, ukatangaza kwamba wananchi wamekataa. Tukapiga makofi, tukidhani hiyo ndiyo sala ya chakula. Hata kipande cha muhogo hakikutoka. Nadai changu.

2. Hata hivyo matokeo nayaunga mkono kwa moyo wote. Mwalimu amesema mvua zikianza darasa la saba litafungwa, na mtihani watoto wausikie kwa jirani. Vizuri sana! Binti yangu Akoth yuko darasa hilo na amekuwa hatari kwa biashara. Juzi mteja aliuliza kama mnyororo wa baiskeli umetoka Japani. Kabla sijafungua mdomo, Akoth keshasoma pakiti: "Baba, hapa hawajaandika Japani." Mteja huyo, kwaheri. Kumsomesha mtoto ni kufuga mkaguzi wa kodi nyumbani, halafu umlishe.

3. Mimi mwenyewe niliishia darasa la nne, na nimepungukiwa nini? Kule Goma nilinunua katoni za mafuta ya nywele kwa bei ya kutupa. Maandishi sikuhangaika nayo. Nikajipaka kwanza mwenyewe ili wateja waone mng'ao. Kumbe ni dawa ya kupe. Nywele hazijarudi mpaka leo, lakini semeni ukweli, nani amewahi kuona kupe kichwani mwa Ogutu?

4. Kwa hiyo tusiishie darasa la saba. Tufunge shule nzima, maji ya mafuriko yajae humo, tufuge kambale. Kambale hadai paa. Baadaye tung'oe na kibao cha zahanati, maana nani atakisoma? Dawa tutachagua kwa rangi. Barua za nyumbani tutazinusa, tukisikia harufu ya msiba tutalia. Na kura zenyewe za nini? Watu walikaa porini miaka mitano wakipigana ili raia aulizwe. Haya, raia ameulizwa. Amejibu kwa sahani.

5. Watoto walisimama kando ya ukuta wa darasa lao, wakitutazama tukipanga laini. Hawana kula.

Nisalimie mama watoto, Jafar na kipaza sauti chake, Rukiah na karai, Mwalimu Saverio, na wote waliorudi nyumbani na sahani safi.

Ni mimi, mpenda maendeleo ya kambale,
Sylvanus Ogutu

N.B. Yale mabati niliyokuwa nakusanyia nyumba yangu ya Ugunja yako mbele ya darasa la saba tangu asubuhi. Mama Akoth hasemi nami. Usinishukuru hadharani, utaniharibia jina. Odur, yule seremala, amekubali kupanda bure, lakini misumari hana, wala mimi sina. Mwambie kila mwenye nyumba alete konzi moja. Hata iliyopinda tutainyoosha. Ila mfanye upesi, Afande: Akoth amekaa juu ya mabati hayo na kitabu chake, anakataa kuondoka, na wingu limeshafika Kawempe.