Sampuli ya Matango, Usiguse

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimedhalilishwa hadharani. Chai ya saa nne, chumba cha walimu kimejaa, Bi Mwiko, mpishi wa shule yetu, akasema mtunza maabara kama mimi hata maji ya kunywa naweza kuyaunguza. Walimu wakacheka mpaka chai ikawapalia. Mwalimu wa Kemia alicheka kuliko wote, na sukari aliyokuwa akikoroga nilimpa mimi.

Nikapiga moyo konde. Nikatangaza kwamba Ijumaa, kwenye chakula cha pamoja cha walimu, nitaleta achari ya matango ya mkono wangu mwenyewe, ile ya kuweka kwenye friji, isiyotaka kuanikwa juani wala kusubiriwa wiki tatu. Bi Mwiko akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kubembeleza mgonjwa, kama tango nalijua kwa sura. Ananiita mwanangu. Tumepishana miaka miwili.

Mwalimu Mkuu alikuwa mlangoni, akasikia yote. Akasema achari anaipenda sana. Kisha akanivuta pembeni na kunikumbusha barua ya onyo iliyomo kwenye faili langu tangu siku ile nilipotengeneza sabuni. (Povu lilifika uwanja wa mpira. Ningejuaje?) Nikifanya kituko kingine ndani ya maabara, alisema, ufunguo nitaurudisha na nitahamia stoo ya madawati mabovu.

Ufunguo huo ninao miaka kumi na moja. Nimeufunga kwa kamba ya kiatu, nauvaa shingoni, hata nikioga siuvui. Nikamwahidi kwamba achari na maabara havitakutana.

Jumanne, 10 Juni

Vimekutana. Si kosa langu.

Nyumbani kumeshindikana. Mke wangu amenipiga marufuku kusogelea friji yake tangu maziwa yangu ya mgando yalipomwagikia mboga zake. Friji ya jikoni shuleni ina kufuli, na kufuli lina Bi Mwiko. Ikabaki friji ya maabara. Mlangoni pana tangazo: CHAKULA MARUFUKU HUMU. Tangazo hilo niliandika mimi, tena kwa mwandiko mzuri.

Halafu asubuhi likaletwa kapu la matango thelathini, mabichi, magumu, yanalia kach ukiyavunja. Ni ya Mwalimu wa Biolojia, kwa jaribio la kidato cha tatu siku ya Alhamisi. Kipande kimoja kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi, wanafunzi watazame kipi kinakakamaa na kipi kinalegea. Yeye mwenyewe yuko semina mpaka Alhamisi asubuhi. Ameacha ujumbe nimtunzie vizuri. Nitamtunzia kuliko anavyotarajia.

Nilikusudia kuazima kumi tu. Nikakata vipande vyembamba, nikanyunyiza chumvi, nikangoja saa nzima. Vikatoa maji, vikanywea, bakuli lililofurika likabaki nusu. Aibu. Nikachukua kumi mengine. Nayo yakanywea. Kumi ya mwisho niliyakata bila kuyatazama.

Nikachemsha siki kwa sufuria niliyoiba nyumbani. Sukari, chumvi kidogo, kitunguu saumu, pilipili manga, mbegu za haradali. Nikamimina juu ya matango kwenye chupa nne za jamu, nikaacha zipoe, nikazisukumia ndani ya friji. Na hapa ndipo akili yangu iliponishangaza hata mimi. Ili mtu asishuku kuna chakula, kila chupa nikaibandika karatasi: SAMPULI YA MATANGO. USIGUSE. Nani atafungua sampuli?

Kesho nanunua mengine thelathini, nayarudisha kapuni, habari imekwisha.

Jumatano, 11 Juni

Sokoni hakuna tango hata la dawa. Mwuza mboga akaniambia yote yamechukuliwa alfajiri na mama mmoja wa jikoni shuleni, kwa ajili ya saladi ya Ijumaa. Hata sikumuuliza anafananaje.

Nikajikongoja hadi jikoni. Nikamwamkia Bi Mwiko kwa heshima zote, nikasifu sufuria zake, nikasifu mwiko wake. Nikamwomba matango thelathini kwa ajili ya sayansi. Akaniuliza yale ya kapu yako wapi. Nikasema yapo. Akasema basi sayansi itumie hayo. Niligeuka kuondoka, akaniambia mwanangu ananukia kitunguu saumu.

Nimerudi maabara nimenywea kama matango yangu. Nikaonja kipande kimoja kujituliza. Mungu wangu! Baridi, kali, tamu, na kach yake bado iko mle mle. Nikaonja kingine kuhakikisha. Nilihakikisha robo ya chupa.

Mpango mpya: kesho kabla ya jogoo nakwenda soko la mbali. Nitarudi kabla Mwalimu wa Biolojia hajavua koti.

Alhamisi, 12 Juni

Soko la mbali liko mbali. Hilo wangenionya mapema. Baiskeli ikatoboka nikienda, ikatoboka tena nikirudi. Na matango hayakuwepo. Nilipata mamung'unye machanga kumi na mawili. Ukiyatazama ukiwa na haraka, ni matango.

Nilifika maabara saa tatu na nusu, jasho linanitiririka. Mlango wazi! Kumbe Mwalimu wa Biolojia ana ufunguo wa akiba. Kidato cha tatu wote arobaini wamekaa, kila meza ina sahani mbili, na kwenye kila sahani, kipande cha achari yangu.

Mwalimu akanipokea kama ndugu aliyetoka safari. Akaniambia mbele ya darasa kwamba kwa miaka yote hajapata kuona mtunza maabara wa kumkatia sampuli mapema, nyembamba namna ile, na kuzibandika majina. Akawaambia wanafunzi wanipigie makofi. Wakapiga.

Ningesema, ufunguo ungekwenda. Nikainama kupokea makofi.

Nusu saa ikapita. Cha maji matupu kilegevu. Cha maji ya chumvi kilegevu. Mwalimu akaenda meza hadi meza akibonyeza vipande kwa kidole, uso unazidi kumwiva. Akasema labda ni mbegu mbaya. Nikaitikia kwamba siku hizi mbegu zimeharibika sana. Kikundi cha tatu wakanyoosha mikono kuomba sampuli nyingine, kwani ya kwanza imekwisha. Mwalimu akauliza imekwishaje. Wakatazama dari.

Mamung'unye nimeyaficha chini ya sinki.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeitwa ofisini kabla ya kengele ya kwanza. Mwalimu wa Biolojia yumo, na ripoti mkononi. Mwalimu Mkuu akavaa miwani akasoma kwa sauti ripoti ya binti mmoja wa kikundi cha tatu, anayeandika kila anachokiona. Sampuli ina rangi ya manjano kidogo. Sampuli inanukia siki. Baada ya kutafunwa, sampuli haikuonyesha mabadiliko zaidi.

Nikaapa kwamba ni dawa ya kuhifadhia, mambo ya kitaalamu. Mwalimu Mkuu akasema tuite mtaalamu. Akaitwa Bi Mwiko.

Akaja na aproni yake, akaletewa chupa. Akafungua, akanusa, akatia uma, akatafuna. Akatafuna tena. Ofisi nzima ilisikia kach. Nilikuwa namwomba Mungu Bi Mwiko ateme, aseme ni sumu, ni kemikali, ni kitu chochote kisicholika. Siku zote chakula kisicho chake anakitema! Leo akafumba macho, akameza, akasema hii ni achari. Tena ni tamu. Tena yeye mwenyewe hajafikia hapo.

Wiki nzima nimetaka kusikia maneno hayo kutoka kinywa hicho. Nikayasikia, na Mwalimu Mkuu naye akayasikia, akanyoosha mkono.

Kamba ilinikwama masikioni. Bi Mwiko ndiye aliyenisaidia kuitoa, polepole, na safari hii hakuniita mwanangu. Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Chakula cha walimu sikukiwahi, nilikuwa nakabidhi maabara, chombo kwa chombo. Nilipofika mezani nilikuta chupa zangu tatu zilizosalia zimeshafikishwa huko, tupu. Mwalimu wa Kemia alikuwa anachovya mkate kwenye siki iliyobaki. Mwalimu wa Biolojia alikuwa anafuta mdomo.

Nimemweleza mke wangu. Akaniuliza kama nimeleta chupa hata moja. Nikasema hapana. Akasema ningeileta, angalau angejua ameaibishwa kwa kitu gani.

Jumatatu, 16 Juni

Siku ya kwanza stoo ya madawati mabovu. Dirisha hakuna. Paa linavuja pembeni. Kila baada ya muda napeleka mkono shingoni kutafuta ufunguo, nakuta vifungo vya shati. Sitaficha, asubuhi nilikaa juu ya dawati la miguu mitatu nikalia kidogo.

Mwalimu Mkuu alipita kunitazama. Akasema kazi ni moja na ni nyepesi: madawati yakae makavu, fundi seremala anakuja mwisho wa mwezi kuyatengeneza. Nikamwahidi kwamba nimejirekebisha. Kweli nimejirekebisha. Matango sitaki hata kuyasikia.

Alipoondoka nikatazama vizuri. Giza. Unyevu. Ubaridi. Mbao kuukuu kila upande, zimelala bure. Mahali kama hapa watu hupatafuta miaka.

Uyoga!

Nimeshayamwagia madawati ndoo kumi na mbili za maji. Bi Mwiko alipita akaniona na ndoo, akauliza ninafanya nini tena. Nikasema nafanya usafi. Lazima mtu asishuku, kwa hiyo nimebandika karatasi mlangoni, kwa mwandiko wangu mzuri: SAMPULI YA MBAO. USIGUSE.