Miguu Yangu Iko Ndani ya Kibanda

Jumatatu, 3 Juni
Mama Honorine, anayeongoza kikundi chetu cha michezo ya kuigiza hapa Kilibula, Uvira, ametangaza mchezo mpya. Fundi viatu anampata binti wa tajiri kwa kucheza klaketi, ile ngoma ya kugonga sakafu kwa viatu vyenye chuma chini. Nyimbo nyingi, kelele nyingi. Nafasi ya fundi tutaigombea Jumamosi, mimi na Protais kinyozi. Protais ana miguu. Mimi nina nia.
Jioni nimemwambia mke wangu Laurette kwamba nafasi nimeshaipata. Haraka yangu. Amempigia simu baba yake kule Rurambo. Mzee huyo husema, tangu harusi yetu, kwamba Gaspard huanza kila kitu na hamalizi chochote. Sasa anashuka mlimani kuja kunitazama. Nitamaliza.

Jumanne, 4 Juni
Duka sikufungua. Nimefanya mazoezi katikati ya magodoro yangu mpaka magoti yakagoma. Nadhani magodoro yanameza sauti. Laurette amesema ni kama mbuzi aliyepotea juu ya mabati. Nikaendelea kugonga. Wasanii hatujibu.

Alhamisi, 6 Juni
Mungu hamtupi mja wake. Nilipeleka viatu kwa jirani yangu Sévère, seremala, akaze vile vyuma. Akavivaa kuvijaribu. Miguu ile! Kama bisi zikipasuka chunguni. Nikamuuliza kwa nini hajiungi nasi.
“Minye siwezi kusimama mbele ya bantu,” alisema. “Hata ku kanisa ninakalaka nyuma ya nguzo.”
Nguzo hiyo ndiyo imenipa wazo. Sévère atagonga nyuma ya pazia. Mimi mbele, na raba nilizopaka rangi ya fedha. Alikataa, akakataa, akakubali nilipoapa kwamba hata nzi hatamwona.

Jumamosi, 8 Juni
Ushindi. Protais alicheza vizuri, nikamhurumia. Kisha mimi. Mama Honorine alifumba macho ili asikilize miguu tu. Mimi mwenyewe nisingethubutu kumwomba hivyo. Nafasi ni yangu. Protais amedai sauti ilitoka nyuma. Nimemweleza kwamba ukumbi wa parokia una mwangwi, na kwamba mashine za kunyolea huharibu masikio.

Jumatano, 12 Juni
Pigo. Mama Honorine ameondoa pazia, anataka watu waone ziwa lililochorwa ukutani. Nimesimama imara. Nimesema fundi asiye na kibanda si fundi, ni mpita njia. Amekubali. Nani atajenga kibanda? Sévère. Amekijenga cha mbao, na mlango, na nafasi ya mtu mmoja ndani. Analalamika kwamba mle ni joto na haoni kitu, atafuata muziki tu. Nimemwambia sanaa ni joto.

Jumapili, 16 Juni
Saa tisa mchana ukumbi umejaa. Baba mkwe mstari wa mbele, fimbo kati ya magoti, kofia kichwani. Nikaanza. Sévère hajawahi kugonga vile. Vigelegele. Niseme kweli, nilisahau kwamba miguu ile si yangu. Nikaruka. Raba ikanasa kwenye msumari.
Nikalala kifudifudi, na miguu yangu ikaendelea kucheza, nzuri kuliko mwanzo. Nikapiga mateke hewani ili mambo yafanane. Hayakufanana. Watu walicheka mpaka wengine wakashikana. Protais, aliyekuwa mtumishi wa tajiri katika mchezo, akaenda taratibu akafungua mlango wa kibanda.
Sévère alikuwa ndani, macho amefumba, jasho linamtiririka, anacheza. Alipofumbua akaona ukumbi mzima. Akaacha. Kicheko kikafa. Nilimwona anatafuta nguzo.
Baba mkwe akainuka, akavua kofia.
“Weye wa mu kibanda,” alisema, “maliza.”
Sévère alishika mlango wa kibanda kwa mikono miwili. Akatoka. Akamaliza. Sijaona watu wa Uvira wakisimama kumshangilia mtu hivyo. Nilipiga makofi nikiwa bado sakafuni, sijui kwa nini.
Mlangoni baba mkwe alinishika bega.
“Mukwe wangu,” alisema, “kuanguka umemaliza.”

Jumatatu, 17 Juni
Mama Honorine ameamua. Onyesho lijalo fundi ni Sévère, mimi nitapanga viti. Sévère mwenyewe alikuja asubuhi na sahani ya ndagala, visamaki vya ziwa letu, akauliza kama nimekasirika. Nilikuwa nimekasirika. Ndagala zilikuwa moto. Tukala.
Baadaye nimejichunguza kwa unyofu. Kosa nimeliona, na sitalirudia: raba. Mtu asivae raba jukwaani.
Kwa Noeli kuna mchezo mwingine. Shujaa wake anapiga tarumbeta. Tarumbeta sijawahi kuishika. Lakini Ndayiragije wa kwaya anaipiga vizuri, ni mfupi, na leo nimempima kwa macho alipopita mbele ya duka. Kwenye pipa anaenea.