Kuhusu Gari Lako Lisilonguruma na Jumamosi Nne za Susu

Nyumbani, Mutituni,
Machakos.
Jumatatu, 17 Agosti 2009

Kwa Mheshimiwa Mjomba Aloys Ndolo,
Msimamizi wa Ghala, Athi River, mpangaji, Mlolongo, na mwenye nyumba inayojengwa juu ya mlima wetu.

Mjomba,

MINTARAFU: KIMYA CHA GARI LA HAIBRIDI NA HATARI YAKE KWA MAMA YAKO MZAZI

Naandika nikiwa mzima wa afya, ila si mzima wa moyo. Kama ujuavyo, chuo chetu kimefungwa kwa muda usiojulikana, kwa sababu ambazo wakuu wa chuo wanazieleza kwa namna yao nami nazieleza kwa namna yangu. Kwa hiyo nimepata nafasi ya kuyatazama mambo ya nyumbani kwa jicho la kitaaluma. Nimetazama. Nimeshtuka. Nimeunda kamati.

Kamati ya Usalama wa Barabara ya Mutituni ina wanachama watatu: mimi mwenyekiti, Fundi Nzuki, aliyekuwa akitengeneza malori kabla sijazaliwa, na Bwana Isse, mfanyabiashara wa mbuzi, ambaye mifugo yake hupita barabara hiyo kila siku ya soko. Tumekutana mara mbili. Mkutano wa kwanza ulivunjika kwa sababu Fundi alitaka tufungue kwa sala ndefu, na kabla hajafika kwenye amina mbuzi wa Isse walikuwa wamefungua mkutano wao katika sukuma wiki ya mama. Mkutano wa pili ulipitisha malalamiko yafuatayo kwa kauli moja, nayo ilikuwa kauli yangu.

Nieleze kwanza, kwa manufaa ya watakaosoma nakala, kwamba gari la haibridi lina mioyo miwili: injini ya petroli na mota ya umeme. Likienda polepole, injini hulala, mota hufanya kazi, na gari hutembea kama paka. Sisi haibridi tuliyoizoea ni ya mahindi, na hata hiyo hutoa sauti upepo ukivuma. Ulipolileta mwezi wa Mei ulisimama nalo pale kanisani ukatangaza kwamba linakunywa petroli kama ndege anavyokunywa maji. Hatubishi. Wala Kamati haipingi maendeleo. Inachopinga ni maendeleo yanayonyata.

Malalamiko ni haya:

1. Gari lako halipigi hodi. Katika nchi hii, Mjomba, gari ni mgeni anayejitangaza. Pikapu ya Mwalimu Wathome tunaisikia tangu iko darajani: ikifika kwenye mteremko, kuku amekamatwa, ikifika kwenye kinu, vikombe vimeoshwa, ikifika langoni, chai imechemka na kila mtu amejipanga usoni. Hayo ndiyo mapokezi. Wewe tangu Mei hujanywa chai kwa mama yako, na lawama hiyo sikubebeshi wewe, naibebesha injini. Unapanda kwenda kuangalia ujenzi, unashuka kurudi Mlolongo, na sisi tunajua ulipita kwa kuona alama za matairi tu. Kama gari lingenguruma, tungelikimbilia langoni. Tutamkaribishaje mtu aliyekwisha kupita?

2. Susu. Hapa naomba usome ukiwa umeketi.

Jumamosi tarehe 25 Julai, saa nne asubuhi, mama yako na bibi yangu, Susu Kavutha, alikuwa kwenye kona ya kinu cha kusaga. Unajua kwamba macho yake yameingia ukungu na kwamba sasa anatembea kwa masikio. Huyu ni mwanamke anayesikia kuku akichakura kwenye maharagwe ya jirani, naye akakwambia ni kuku wa nani. Lakini gari lako lilimfikia mpaka bampa likagusa leso yake, hajasogea hata hatua. Ulifunga breki, ukapiga honi, ukatoa mkono dirishani na kusema, mbele ya mashahidi waliokuwa na magunia ya mahindi kichwani: "Mama, kando kidogo, mafundi wananingoja kule juu!" Akasogea. Ukapanda mlima.

Tarehe mosi Agosti, kona ile ile, saa ile ile. Tarehe nane, vivyo hivyo. Na juzi, tarehe kumi na tano, alikuwa katikati kabisa ya barabara, fimbo ameikingamisha, na bado hakulisikia! Jambo likitokea mara moja huitwa bahati mbaya. Likitokea Jumamosi nne mfululizo, saa nne asubuhi, huitwa sera.

Mama yangu Peris, dada yako, amejaribu kumzuia asitoke. Haambiliki. Ikifika Jumamosi huoga mapema, hujifunga ile leso aliyovaa kwenye harusi yako, huchukua fimbo na kwenda zake. Kamati inaamini kwamba mshtuko wa mara ya kwanza umemvuruga akili, hata anarudia mahali pa ajali bila kujua, kama watu waliotoka vitani. Bwana Isse, aliyeshuhudia tukio la nne, alisema neno ambalo nimeliandika katika kumbukumbu za Kamati: "Wallahi, hata simba hunguruma. Huyu mnyama wa Ndolo ni wa aina gani?" Mjomba, siku ya tano utambeba mama yako akiwa maiti, na gari halitatoa sauti hata siku hiyo.

3. Linawafedhehesha watu wenye utu. Mwezi wa Juni ulisimama kwenye njia panda karibu na posta, mjini Machakos, na injini ikazima. Sasa, Mkamba aliyelelewa vyema akiona gari limezima barabarani na mwenyewe yumo ndani amevaa tai, hufanya nini? Husukuma! Nilikusanya vijana kumi na watatu, wakiwemo wapakiaji watano wa Bwana Isse, tukaimba harambee na kukusukuma. Ulikuwa ukipunga mikono yote miwili, nasi tukadhani unashukuru, tukaongeza nguvu. Tulikufikisha mpaka kituo cha mafuta, mahali ambapo, kama ulivyotueleza baadaye kwa ukali, hukuwa na haja ya kufika. Kijana mmoja aliteguka kifundo cha mguu. Hukuzimikiwa na gari, ulikuwa umesimama tu! Je, taifa hili litajengwaje ikiwa mwananchi hawezi kutofautisha gari linalohitaji msaada na gari linalofikiri?

4. Linajifanya limelala. Siku ya mchango wa paa la kanisa uliliegesha, ukashuka na kuingia ibadani, kumbe hukulizima. Taa moja ndogo ya kijani ilikuwa inawaka kwenye dashibodi kusema kwamba gari liko tayari kwenda safari. Nani asome taa ya kijani wakati wa sadaka? Fundi Nzuki alikuwa ameinama mbele yake akijitazama kwenye rangi, anarekebisha kola, na injini ikajiwasha yenyewe usoni pake. Fundi aliruka ua. Mpaka leo anapita upande wa pili wa barabara, na wazee wawili wa kanisa wamependekeza gari liombewe. Mtu akishuka garini, azime. Hilo si jambo la kumfundisha msimamizi wa ghala.

5. Nyaya za rangi ya machungwa. Fundi huyohuyo, kabla ya kisa cha kanisani, alikuwa amefungua boneti kwa nia njema, na mkono wake ulikuwa njiani kuelekea kwenye waya mnene kama mkia wa fahali, ulipomfokea: "Nzuki! Gusa hiyo tukuzike Jumamosi!" Fundi alijibu, kwa heshima, kwamba Jumamosi ana kazi. Nimesoma na kuthibitisha kwamba ulisema kweli: umeme wa pale unaweza kuua mtu, na hakuna fundi anayepaswa kugusa nyaya hizo bila mafunzo na glavu za kazi hiyo. Lakini ukweli unaosemwa kwa kufoka hauwi elimu, huwa tishio. Sasa Fundi Nzuki akiulizwa lolote kuhusu gari lako husimama hatua kumi, akalielekezea mwanzi.

6. Betri inapumua. Mama Peris alipokuomba umbebee gunia moja la maembe mpaka Mlolongo, ulikataa, ukasema kwamba kando ya kiti cha nyuma kuna tundu ambalo betri hupumulia, na gunia lingeliziba, betri ipate joto na kuharibika. Nakubali. Nimelisoma pia hilo na ni kweli. Ila nauliza kama raia: katika ukoo huu wenye watu sitini na wanne, ni nani mwingine aliyetengewa kiti na hewa yake mwenyewe? Susu akienda hospitalini hupanda nyuma ya pikapu ya Wathome pamoja na ndama. Betri, ambayo haikumzaa mtu, inakaa kitini!

7. Mgao wa stima. Kwa kuwa stima inakatwa siku tatu kwa wiki na watu wamesikia kwamba gari lako lina umeme, kuna simu kumi na tisa hapa nyumbani zinazongoja kuchajiwa. Sina la kuongeza.

Baada ya kuyapima hayo, Kamati ilitafuta suluhu. Pendekezo la kwanza lilikuwa ufunge kengele ya ng'ombe mbele ya gari. Bwana Isse alipinga, akasema mbuzi wake wamezoea kufuata kengele, na hataki kuwafuata Athi River. Pendekezo la pili lilikuwa mtu atembee mbele ya gari akipuliza filimbi. Lakini mtu huchoka, hasa mlimani, na haki ya mfanyakazi kupumzika ni jambo ambalo nimelipigania hadi chuo kikafungwa. Ilionekana basi mtu huyo apandishwe gari. Gari lenyewe lisiwe kimya, la sivyo naye atahitaji mtu wa kumtangulia. Kwa hiyo, kwa mantiki isiyopingika, Kamati imeamua kwamba gari lako litangulizwe na pikapu ya Mwalimu Wathome kila litembeapo, kutoka Mlolongo hadi Mutituni na kurudi, pikapu ikinguruma kwa niaba ya yote mawili. Petroli utakayookoa katika gari lako itatumika katika pikapu, na mizani ya maumbile itarudi ilivyokuwa. Mwalimu amekubali, mradi aruhusiwe kubeba ndama.

Iwapo huridhiki na uamuzi huu, ujue kwamba Jumamosi ijayo, tarehe 22 Agosti, saa nne kamili, wananchi watafanya maandamano ya amani kwenye kona ya kinu. Tutaketi barabarani. Tutaimba. Mabango yako tayari. Moja limeandikwa GARI LISEME AMA LISIMAME, na nyuma yake limeandikwa KARO ISIPANDE, kwa kuwa kadibodi ni ile ile ya muhula uliopita.

Tafadhali mfikishie salamu zangu mkeo, watoto, wapangaji wenzako wa Mlolongo, bawabu wa ghala na mafundi wote wa nyumba yako mpya, ambao tunawaona mara nyingi kuliko tunavyokuona wewe. Isalimie pia betri, ipumue salama.

Ni mimi mpwa wako, niliye kando ya barabara, nikitazama kulia, kushoto, kisha nyuma,

Kalekye Mutiso
Mwenyekiti wa Kamati

Nakala: Chifu; Padri; Fundi Nzuki; Bwana Isse.

Baada ya kutia sahihi: Mjomba, bahasha ilikuwa bado wazi nilipoona ni haki kumsomea Susu, kwa kuwa barua inamhusu. Nilimtafsiria kwa Kikamba, neno kwa neno. Kwenye mbuzi alicheka. Nilipofika kwenye mshtuko uliomvuruga akili aliomba nirudie. Kisha akasema: "Kalekye, umesoma mpaka masikio yameziba. Hilo gari nalisikia tangu liko darajani. Linalia kama nyuki ndani ya mzinga. Asiyesikia ni Ndolo."

Nikamwuliza kwa nini basi hasogei. Akaniambia kwamba kugongwa hakuogopi, kwa sababu wewe ndiye uliye kwenye usukani na breki alikufundisha yeye, kwenye mkokoteni wa punda. Anasimama pale ili mwanawe asimame. Ametoka mara nne, na mara nne umemwambia asogee kando. Kuhusu maandamano aliuliza ni ya nini, maana yeye ameandamana peke yake mwezi mzima na hakuna aliyemwandikia bango.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi saba yamefutwa, isipokuwa uzime gari unaposhuka na umwombe radhi Fundi Nzuki. Mwalimu Wathome ameshaarifiwa kwamba msafara haupo. Jumamosi saa nne Susu atakuwa kwenye kona, na leso yake ameshaifua. Simama. Mfungulie mlango wa mbele. Na kengele usifunge, wala chochote kingine: anasema katika pikapu ya Wathome hajawahi kusikia mtu akiongea, lakini katika gari lako mtasikizana.