Kurasa Kumi za Kumkaribisha Bwana Essen

Jumapili, 9 Machi. Riyadh.
Fursa adhimu! Alhamisi kampuni itamfuturisha mhandisi Mjerumani, Bwana Essen, katika tawi letu la Jeddah. Atakayemkaribisha kwa maneno machache huenda akapewa kazi ya afisa uhusiano huko. Bosi alimchagua Onesmus, ninayeishi naye chumba kimoja hapa mtaa wa Batha. Nikamdokezea bosi, kwa masikitiko, kwamba Onesmus hushikwa na kigugumizi mbele ya wageni. Si kweli. Nimeteuliwa mimi.

Jumanne, 11 Machi.
Utafiti umekamilika. Essen: kwa Kijerumani ni kitenzi, maana yake kula. Ni jina la ukoo. Tena ni mji, ambao asili ya jina lake, inasemekana, haihusiani na kula hata kidogo. Kurasa tisa! Onesmus, asiyejua nilichomtenda, alinipigia shati pasi huku akisema, wewe msomi, si huyo mzee anajua jina lake? Wivu. Ruqayya wa uhasibu, Mzanzibari, akanionya: kaka'angu, watu wamefunga, sema karibu ukae kitako. Nilimshukuru kwa adabu, nikaongeza ukurasa wa kumi.

Alhamisi, 13 Machi. Jeddah.
Ole wangu! Nilianza dakika tano kabla ya magharibi. Kitenzi kilikwenda vyema. Nilipofika kwenye ukoo, ikaadhiniwa. Mimi Mkristo nilidhani heshima ni kumaliza nilichoanza. Kumbe jua likishazama, mfungaji hacheleweshwi. Tende mikononi, macho yote kwangu. Nikapaza sauti kuishinda adhana! Bosi akasema halas, yaani basi, yatosha. Nikamwomba dakika mbili tu za mji. Bwana Essen mwenyewe akaniketisha, akanitia tende mkononi.

Jumapili, 16 Machi. Riyadh.
Kazi ya Jeddah amepewa Onesmus. Bosi alimuuliza, mbele yangu, kuhusu kigugumizi. Onesmus akanitazama, kisha akajibu kwamba kilishapona. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 20 Machi.
Kesho tunamuaga. Mourine, muuguzi jirani yetu, ndiye atakayepika. Nilipomweleza nilichotenda, aliniamuru nimwombe Onesmus msamaha kwa sentensi moja, chapati zisipoe. Sentensi moja, kwa kosa zito namna ile! Nimefika ukurasa wa kumi na nne, na dibaji bado haijaisha.