Fundi Barafu na Viyoyozi Kumi na Viwili

Joto la siku ile lilikuwa halina adabu. Kufikia saa nne asubuhi lami ilishaanza kunata kwenye soli, paka walikuwa wamejilaza chini ya magari miguu juu, na kila mwenye dirisha alikuwa amelifunga akawasha kiyoyozi. Bwana mmoja mwembamba, mwenye ovaroli ya buluu, alisimama nyuma ya jengo la ghorofa nne akahesabu mashine za nje zilizopachikwa ukutani. Kumi na mbili. Kila moja ina kisanduku chake cha swichi, na ngazi ya chuma ya kuzifikia imejengwa pale pale, utadhani aliyechora ramani ya jengo alikuwa shemeji yake.

Mjini alijulikana kwa jina la Fundi Barafu. Ufundi wenyewe hakuusomea popote, lakini alikuwa na mkoba, saa ya kupimia gesi ambayo mshale wake haukuwahi kusogea, na mtungi mdogo aliokuwa akiujaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Juu ya hayo alikuwa na ulimi, na ulimi ule ungeweza kumuuzia samaki koti la mvua.

Akapanda, akazima swichi zote kumi na mbili, akashuka, akakaa kivulini na chupa ya maji. Dakika ishirini hazikwisha. Madirisha yakaanza kufunguka moja moja, na vichwa vilivyolowa jasho vikachungulia nje kuiuliza mbingu kulikoni.

Alianzia ghorofa ya pili, kwa mzee mmoja anayeuza viatu kwa jumla, mnene, aliyemfungulia mlango akijipepea kwa mfuniko wa boksi la viatu.

"Shikamoo mzee. Nilikuwa napita hapo chini, nikasikia mashine yako inakoroma."

"Marahaba. Inakoroma wapi? Imekufa kabisa!"

"Basi ilikuwa inakata roho. Hiyo ni gesi, mzee. Imekwisha."

"Gesi tena?" Mzee akashika kiuno. "Mwaka jana nililipa gesi. Nikalipa kuosha. Nikalipa mwingine aje kuniambia kwamba gesi na kuosha havikutosha. Hiki kiyoyozi kinanila kuliko watoto wangu, na watoto ninao saba!"

Barafu akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. "Sasa sikiliza, mzee wangu. Gesi hii ni ya kampuni, ilitakiwa irudi stoo jana. Nikikuandikia risiti, bei kamili. Tukimalizana hivi hivi, nusu."

Kwa heshima zote tuseme ukweli: mzee hakuuliza ni kampuni gani, wala hakusikitika kwamba kuna tajiri anaibiwa mahali. Aliuliza jambo moja tu. "Huwezi kunipa na ya akiba, nikaiweka kwenye chupa?"

Mtungi ukatoa fssss, saa ikagongwa kwa kidole, Barafu akasema "hmm" mara tatu. Kisha akashuka "kuangalia presha ya nje", akawasha swichi. Aliporudi alimkuta mzee amesimama chini ya kiyoyozi, mikono ameitandaza, macho ameyafumba, kama mtu anayeombewa.

Nyumba mbili nyingine zikafuata mkondo huo huo. Soksi ya kulia ilipoanza kumbana kwa noti, Barafu akateremka chini kabisa na kugonga mlango uliokuwa karibu na lango.

Akafungua bibi mmoja mdogo wa umbo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo.

"Karibu mwanangu, karibu. Mimi humu naiva."

Barafu akaeleza habari za gesi. Bibi akatikisa kichwa kwa huruma. "Mie mitambo siijui. Ila marehemu mume wangu alikuwa akisema yale machujio ya ndani huoshwa. Au nimechanganya?"

"Hujachanganya, bibi." Angesemaje? Akayavua, akayapeleka bafuni, akayasugua. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama wino.

"Na lile bomba linalotoa maji, haliwezi kuziba?"

"Huwa linaziba, bibi." Akalipuliza kwa mdomo. Kilichotoka humo tusikisimulie, kuna watu wanakula.

Bibi akampa glasi ya maji yenye barafu, akamkazia macho. "Wewe unajituma. Basi nikuambie. Mimi ndiye katibu mpya wa mwenye jengo. Tunatafuta fundi mmoja wa viyoyozi vyote kumi na viwili, mwaka mzima, na mwenye jengo analipa mwaka wote mkupuo mmoja, mkononi. Anakuja saa kumi. Yuko fundi mwingine ameshaomba, tena ameweka dhamana. Lakini mimi moyo wangu umekupenda wewe."

Malipo ya mwaka mzima, mkononi! Barafu alishajiona ndani ya basi la kwanza kutoka mjini, kiti cha dirishani.

"Dhamana kiasi gani, bibi?"

"Ulicho nacho, mwanangu. Unarudishiwa saa kumi hiyo hiyo. Ni kuonyesha tu kwamba hutokimbia."

Barafu alitaka kucheka kwa jinsi bibi wa watu alivyokuwa mwepesi. Akageukia ukuta, akavua soksi, akahesabu noti zote, pamoja na zile za kwake alizokuja nazo. Bibi akazipokea kwa ncha za vidole, maana zilikuwa na jasho, akamsogezea kitabu. "Na hapa unitilie sahihi. Kumi na mbili, moja kwa kila nyumba. Ofisi wanapenda makaratasi."

Akatia sahihi kumi na mbili bila kusoma hata karatasi moja.

"Basi osha vyote, mwenye jengo akija avione kwa macho yake," bibi akasema. "Mimi natangulia kuwaandaa watu."

Kwanza Barafu akapanda kuwasha swichi zilizobaki. Halafu akafanya kazi ambayo hakuwahi kuifanya tangu azaliwe. Alivua machujio, akasugua, akapuliza mabomba, akaning'inia kwenye ngazi na brashi ya kuoshea viatu aliyoazimwa na yule mzee. Vumbi lilimwingia puani na masikioni. Ovaroli ikabadilika rangi. Kila alipoinua kichwa alimwona bibi akitoka mlango huu na kuingia ule, kitabu mkononi, akiagana na watu kwa tabasamu, naye akajisemea: bibi huyu ana bidii kweli.

Saa kumi ikafika. Barafu akanawa uso, akagonga mlango wa bibi. Akagonga tena, mpaka mlinzi wa lango akaja na funguo zake.

"Unamtafuta nani humo?"

"Bibi. Katibu wa jengo."

"Katibu gani? Nyumba hiyo haina mpangaji, inapangishwa pamoja na vyombo vyake. Yule mama alikuja asubuhi kuiangalia. Akaniomba ufunguo, akasema anataka kujua jua la mchana linaingia kiasi gani. Kaondoka saa tisa. Kasema linaingia sana, hataichukua."

Barafu alipanda ngazi mbili mbili hadi kwa mzee wa viatu.

"Mzee! Yule bibi, alikuja hapa kufanya nini?"

"Kuchukua pesa ya kuosha, si yako hiyo? Kila nyumba imelipa. Akatupa na risiti." Akamwonyesha. Chini kabisa, kwa wino wa buluu uliokolea, ilikuwa imekaa sahihi ya Fundi Barafu, imenyooka, ina hata mkia.

Barafu akaigeuza ile risiti huku na huku. Ashtaki wapi? Aanzie na mtungi wa upepo, au na soksi?

Mzee akampiga begani. "Lakini nikwambie, mafundi wote waliopita hapa walikuwa matapeli. Hiki kiyoyozi hakikuwa hivi hata siku nilipokinunua. Wewe ni fundi wa kweli!"

Barafu alikuwa ameitwa mengi maishani, mengine mbele ya hakimu, lakini hakuna lililomchoma kama hilo.

"Mwambie dada yangu ana viyoyozi sita!" sauti ya mke wa mzee ikaita kutoka chumbani. "Kesho anaweza?"

"Kesho saa mbili," Barafu akajibu kwa mazoea, kama alivyowajibu maelfu ambao hakuwaona tena. Akashuka ngazi taratibu, akiwaza kwamba viyoyozi sita vitataka brashi ndefu kidogo, na sabuni, na pengine kitambaa cha kujifunga puani.

Alifika langoni, akasimama ghafla. Alikuwa anawaza kwenda kweli.

Akaketi ukingoni mwa barabara, juani, akacheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu yake, na mlinzi akaja kumuuliza kama joto limempanda kichwani.