Masikio ya Msimamizi wa Zamu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Watafiti wamefika kiwandani. Daktari mmoja, nesi mmoja, mashine moja yenye hedifoni. Wanachunguza jinsi kelele za kuchambua pamba zinavyoharibu masikio ya wafanyakazi, na walioharibika wasaidiwe vipi. Jambo jema. Kwa wengine.

Mimi, Athanasi Maganga, msimamizi wa zamu, miaka kumi na tisa mbele ya mashine, sina tatizo. Ni watu wa Bariadi tu, siku hizi wanaongea chini chini.

Nesi Anifa amesema majibu ya mtu ni siri yake na meneja hapewi. Siri! Bariadi hii! Nikikutwa kiziwi naondolewa kwenye mashine, usimamizi anapewa Danford, fundi mitambo. Yeye amejiandikisha wa kwanza, tena amesema mbele za watu kwamba sikio lake la kushoto limekufa. Hana aibu yule mtu.

Jumatano, 16 Julai

Nimepimwa. Unavaa hedifoni, ukisikia mlio unanyoosha mkono. Sikusikia kitu. Kimya kama kaburini. Lakini akili ninayo! Nesi Anifa kila akibonyeza kitufe anapandisha nyusi. Nyusi juu, mkono juu. Nyusi chini, natulia. Sikukosa hata mara moja.

Akamwita daktari. Daktari akatazama karatasi, akanitazama mimi, akasema (nadhani) kwamba masikio kama haya hajawahi kuyaona kwa mtu wa umri wangu. Nikamjibu ni ya ukoo. Wameniweka kwenye kundi la masikio mazima, wagonjwa walinganishwe na mimi. Nimetoka kifua mbele. Danford akanipa mkono. Nimeupokea kwa vidole viwili.

Jumapili, 20 Julai

Siku mbaya. Sijui niandikeje.

Kanisani, wakati wa sala ya kimya, niliomba kwa kunong'ona kabisa. Bwana, Danford asipate usimamizi. Bwana, nesi asijue habari ya nyusi. Benchi zima likageuka. Padri akasita. Danford, mabenchi mawili mbele, akainamisha kichwa. Mke wangu akanifinya paja mpaka machozi yakanitoka.

Njiani hakusema neno. Au alisema. Sina hakika.

Nyumbani alisimama mbele yangu, akaongea taratibu huku midomo ikifunguka sana. "Baba Lucy, hukunong'ona. Ulipiga kelele." Nikabisha. Akasema ni tangu mwaka jana. Majirani wanasikia kila ninachomwambia chumbani. Na mama yake, aliyekaa kwetu wiki nzima ya Pasaka, aliyasikia yote niliyomnong'oneza kuhusu yeye. Yote! Hata yale ya namna anavyotafuna.

Nimejifunika shuka usoni tangu saa saba mchana. Mama Lucy ameniletea ugali kitandani kama mfiwa. Amesema (hapo nimesikia, alikuwa ameinama sikioni) nimwambie nesi ukweli. Nimemwambia nitafikiria. Sifikirii.

Jumanne, 22 Julai

Leo sikutaka kuandika. Nitaandika hivyo hivyo.

Mayunga, kijana anayelisha pamba kwenye mashine, mkono wa shati lake ulinaswa na mkanda unaozungusha mashine. Akapiga kelele. Wote wakapiga kelele. Mimi nilikuwa karibu na swichi kuliko mtu yeyote, nimewapa mgongo, napanga jinsi ya kumwambia meneja kwamba Danford ni mvivu. Sikusikia lolote. Nilimwona Danford tu akinijia mbio. Nikadhani anakuja kunipiga kwa ajili ya Jumapili, nikajikinga uso. Akanipita, akazima.

Mashine imekula mkono wote wa shati na kitambaa cha nusu ya mgongo. Ngozi imechubuka mpaka kwenye kiwiko. Mkono upo. Mkono upo, namshukuru Mungu.

Mayunga alikaa chini kwenye pamba, kifua wazi, akanitazama. Hakukasirika. Ingekuwa heri angekasirika. Nilimsoma midomoni: "Nilikuita, baba. Nilikuita kwa jina."

Meneja alipouliza imekuwaje, Danford akasema mkanda ulikuwa umelegea. Si kweli. Anajua kwamba najua.

Ijumaa, 25 Julai

Nilikwenda kwa nesi kusema ukweli. Hakika ndicho nilichokwenda kusema. Lakini kabla sijaanza, Nesi Anifa akaniambia ni vizuri nimekuja, daktari ameomba nipimwe tena kwa sababu majibu yangu yamezidi uzuri. Safari hii akakaa nyuma ya pazia.

Basi nikasema moyoni, nijaribu tu, huenda masikio yamepona. Nikavaa hedifoni. Nikanyoosha mkono. Nikasubiri kidogo, nikanyoosha tena. Nikaweka mpangilio wangu: pumzi tatu, mkono, pumzi mbili, mkono. Nilikuwa naendelea vizuri sana pazia lilipofunguka. Nesi akanivua hedifoni, akaniinamia sikioni.

"Baba, umeme umekatika tangu ulipokaa."

Mkono wangu wa kulia ulikuwa bado uko juu.

Hakucheka. Mimi ndiye niliyelia, mtu mzima, mbele ya binti wa umri wa Lucy. Nikamwambia habari ya nyusi, ya kanisani, ya shati la Mayunga. Akanipima upya umeme uliporudi. Ameniondoa kwenye kundi la wazima. Nitapewa kifaa cha kuvaa sikioni. Halafu nikaenda mwenyewe kwa meneja, kabla sijabadili mawazo. Nimehamishiwa kwenye mizani ya kupimia pamba. Usimamizi kapewa Danford. Nimempa mkono, vidole vyote vitano. Nilishindwa kumtazama usoni.

Jumatatu, 4 Agosti

Kifaa kimefika. Nimesikia jogoo, nimesikia Mama Lucy akicheka jikoni. Nimemwomba Mayunga msamaha, akasema yameisha. Mimi sasa ni mtu mpya. Sitadanganya mtafiti tena maishani.

Mchana wamekuja watafiti wengine. Hawa ni wa kichocho. Wametueleza kwamba kinapatikana kwa kuingia kwenye maji yaliyotuama, mabwawa na majaruba ya mpunga, na kwamba kila mtu apeleke mkojo kesho asubuhi kwenye kichupa. Dawa ipo. Nimesikia kila neno.

Sasa, mkojo wangu una rangi ya damu tangu juzi. Kichocho ni ugonjwa wa watoto. Watu watasemaje, mzee mzima? Hapana. Hili ni tofauti kabisa na la masikio, kwa sababu mkojo hauwezi kumuua mtu kwenye mashine.

Nimeongea na Mayunga, amekubali kunijazia kichupa changu. Nimechagua vizuri. Kijana ana nguvu, hajawahi kuumwa, kazaliwa Shishiyu, utoto wake wote ameumalizia kwenye majaruba ya mpunga. Nani mzima kuliko yeye?