Paa Moja Lililobaki Tolgok

Jumatatu, 10 Septemba 2018. Sokcho.

Leo nimeiona nyumba yetu! Kutoka juu, kama aionavyo mwewe.

Dokta Pyo Seon-ah, anayefundisha kusoma picha za setilaiti chuo kikuu, alikuja kwenye chumba cha chama chetu. Chama cha wazawa wa Tolgok, kule Hamgyong, Kaskazini, tuliokimbilia Kusini wakati wa vita, mpaka ukafungwa nyuma yetu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa nina themanini.

Akatandaza picha mezani. Kijiji hakipo. Mahindi, mahindi, mahindi. Ila karibu na mto, doa moja jeupe la mraba. Paa! Moja tu limesalia. Ni letu, la akina Mo, nilijua papo hapo. Mama alibaki pale mlangoni, akaniambia nitangulie, tutaonana baada ya siku chache.

Tak Chang-gu akacheka kwa pua, akasema lile paa ni la kwao. Tak! Jirani wa ukuta mmoja, kule na hapa. Amenizidi miezi minne, na kwa miezi hiyo amedai maisha yote nimwite kaka.

Tukamgeukia Dokta Pyo aamue. Akasema hajui. Msomi mzima, anasema hajui mbele za watu!

Jumatano, 12 Septemba.

Nimeelewa shida. Tuna ramani ya zamani, iliyochorwa kwa kumbukumbu na wazee waliokwisha kufa, yenye kila nyumba na jina lake. Lakini haikai juu ya picha. Yapasa ibanwe kwa alama zisizohama, kama kitambaa kwa pini. Shule imevunjwa. Daraja lilichukuliwa na mafuriko. Mwamba wa Kobe umemezwa na misonobari. Kwa hiyo tunaulizwa sisi. Mimi nimepewa daraja, Tak mwamba. Tutatia nukta kwenye picha, na Dokta atachapa ramani kubwa ya kutundika siku ya Chuseok, sikukuu ya mavuno na mababu, kila mtu ainamie kwao.

Mwenyekiti, Bibi Eum Bong-sun wa miaka tisini na mitatu, alisema amechoka kuinamia upande wa kaskazini. Kaskazini ni kukubwa mno. Anataka kuinamia mlango.

Jioni nilifunika picha kwa karatasi nyepesi, nikapima. Daraja nikiliweka pale ninapolikumbuka, doa jeupe linaangukia juu ya ukuta wetu na akina Tak. Nusu kwa nusu! Nikilisogeza mashariki kiasi cha punje ya mchele, paa lote ni letu.

Si uongo. Dokta mwenyewe alisema kumbukumbu zetu zina mita kumi na tano za mashaka, huku na huku. Mimi nimetumia zangu zote upande mmoja.

Ijumaa, 14 Septemba.

Nimempelekea Dokta ngisi aliyejazwa wali, kazi ya mke wangu. Nikamuuliza, kama mtu anayepita tu, Tak ametia nukta wapi. Alikula ngisi wote, akasifu, akanishukuru, nukta ya Tak hakuitaja. Mama Hye-rim, mke wangu, mzawa wa hapahapa Sokcho, alinipokea mlangoni akiuliza tangu lini vyakula vya rushwa vinapikwa jikoni kwake bila yeye kuambiwa. Akaongeza kwamba ngisi mwenyewe alikuwa wa chakula cha jioni. Tumekula kimchi, kabichi ya kuchachusha, na maji ya moto.

Jumanne, 18 Septemba.

Nimekutana na Tak kwenye pantoni ile ya kuvuta kwa waya. Alikuwa akipiga mluzi. Alinivutia waya, mimi nikikaa! Akaniuliza habari za magoti. Akaniita mdogo wangu mpenzi. Sijalala vizuri.

Jumamosi, 22 Septemba.

Msiba! Ramani imetundikwa. Watu walikuja na miwani mipya.

Tolgok imesokotwa kama nguo inayokamuliwa. Shule ipo makaburini. Nyumba yetu imepanda mlimani, kwa dubu. Ya akina Tak imevuka bonde, ikakaa kijiji kingine. Nyumba saba zimo mtoni, na ya Bibi Eum iko katikati kabisa ya maji.

Bibi Eum alisogeza pua hadi karatasini. Kisha akauliza, “Jamani, tangu lini mimi ni kambare?”

Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amevaa hanbok yake nyeupe, vazi la sikukuu, siku mbili kabla ya sherehe, ili aijaribu.

Dokta Pyo akafungua kompyuta. Akasema alama mbili zinavutana kama mafahali, moja mashariki, nyingine magharibi, na alipaswa kulikagua hilo kabla ya kuchapa. Akanitazama mimi. Akamtazama Tak. Ndipo nikamwelewa Tak na mluzi wake. Mwizi! Amesogeza mwamba!

Nilipaza sauti kwamba mtu anayehamisha mwamba ataulizwa na mababu. Tak akajibu, je, anayehamisha daraja, ataulizwa na nani, na samaki? Bibi Eum akagonga sakafu kwa mkongojo.

“Mo! Tak! Ukutani!”

Wanaume wawili wa miaka themanini. Tumesimama tumeukabili ukuta hadi chai ikaisha.

Jumatatu, 24 Septemba. Chuseok.

Jana kutwa Dokta alizunguka nyumba kwa nyumba. Kila mzee wa Tolgok alitia nukta zake upya, zangu na za Tak zikiwekwa kando. Nukta za daraja zimetawanyika kama maharage yaliyomwagika. Nikadhani atazifuta zinazokosea. Hakufuta hata moja. Alisema kutawanyika kwenyewe ndiyo habari: kunaonyesha tunachokijua kinaishia wapi. Kwa hiyo ramani ya leo haina nukta za nyumba. Ina maduara. La Bibi Eum liko nchi kavu, na alilipapasa kwa kiganja kizima, akasema lina nafasi ya mlango, na hata ya banda la ng'ombe.

La kwetu na la akina Tak ni moja. Dokta hawezi kututenganisha.

Kisha akaleta picha nyingine, ya asubuhi ya majira ya baridi, jua likiwa chini. Kila mti una kivuli kirefu. Doa jeupe halina. Kisicho na kivuli hakina kimo, alisema taratibu. Si paa. Huenda ni sakafu ya saruji ya kuanikia mahindi.

Hakuna nyumba iliyobaki. Si yangu, si ya mtu.

Tulipanga mapeasi, divai ya mchele na songpyeon, keki ndogo za unga wa mchele, zilizopikwa juu ya majani ya msonobari. Tukainama. Bega langu kwenye bega la Tak. Paji likiwa bado chini, akaninong'oneza kama nakumbuka tundu la ukutani. Mama yangu alilitumia kuwapitishia songpyeon za moto. Wa kwake alirudisha bakuli na samaki wa kuchachusha kwa mawele. Bakuli halikurudi tupu kamwe.

Nilikuwa nimelisahau. Nikaona mkono wa mama, wenye unga, ukiingia ukutani hadi kiwiko.

Magoti yaligoma. Tak aliniinua. Nilimwita kaka. Akajifanya kiziwi ili nirudie. Nikarudia.

Alhamisi, 27 Septemba.

Amani tupu. Nimempa Tak nusu ya mapeasi. Ugomvi wa wazee juu ya doa la saruji, aibu gani hiyo! Sitaurudia.

Ila duara lina kitovu. Nimelipima kwa uzi. Kitovu kiko kwetu. Tak naye anasema amelipima, kiko kwao. Uzi wake ni wa kuvulia, unavutika.

Dokta anasema majira ya kuchipua atapata picha kali zaidi, na atatuomba nukta nyingine. Nimemwomba mama Hye-rim ajaze ngisi wawili, mmoja wetu. Nami nimeomba nipewe tundu la ukutani kuwa alama yangu. Nalikumbuka vizuri sana.

Lilikuwa upande wetu.